Nasaba Iliyopigwa Chapa kwenye Fedha

Anayeanza kukusanya sarafu za Kirumi zenye picha za visasili kwa kawaida huongozwa na jina la mungu. Anamtaka Venus, anamtaka Hercules, anamtaka mbwa mwitu jike anayewanyonyesha pacha Romulus na Remus. Wauzaji nao hupanga mali yao hivyo hivyo. Mpango huu una kasoro kubwa, maana unaigeuza sarafu kuwa kipicha cha hadithi ya kale, ilhali kwa Mrumi aliyeifua, ile picha ilikuwa dai. Mtu fulani, katika mwaka fulani, alikuwa akiwaambia raia wenzake yeye ni nani, katoka tumbo gani, na kwa nini wamheshimu. Anayeimiliki sarafu bila kumjua mtu huyo ana nusu yake tu mkononi.

Dinari ya fedha ilianza kufuliwa Roma yapata mwaka 211 KK, na jina lake, denarius, lilipita kwa Wagiriki na Waarabu hata likatufikia sisi Waswahili. Kwa miaka mingi picha zake karibu hazikubadilika: mbele kichwa cha mungu wa kike Roma kilichovaa kofia ya vita, nyuma pacha Castor na Pollux juu ya farasi, ambao Warumi waliamini waliwahi kuwasaidia vitani. Hiyo ilikuwa nembo ya dola. Lakini kazi ya kufua fedha ilisimamiwa na maofisa vijana, kwa kawaida watatu kwa mwaka, walio mwanzoni mwa safari ya siasa, na kuanzia miaka ya 130 KK hivi picha za dola zikaanza kupisha picha za koo zao. Baadhi ya wanahistoria huyahusisha mabadiliko hayo na sheria ya mwaka 139 KK iliyoleta kura ya siri katika kuchagua viongozi. Maelezo hayo yananiridhisha. Zamani mkubwa alisikia kwa masikio yake kura ya kila mtu aliyemtegemea. Kura ilipofichwa, kijana mwenye tamaa ya cheo alihitaji jina lake lijulikane kwa njia nyingine, na hakuna kilichopita mikono mingi kuliko pesa.

Tazama dinari ya Gaius Mamilius Limetanus ya mwaka 82 KK. Mbele yumo mungu Mercury. Nyuma yumo mzee mwenye fimbo, amevaa kama maskini, na mbele yake mbwa anayemtazama. Ni shujaa wa visasili Ulysses, anayerudi kwao baada ya miaka ishirini akiwa amejibadilisha asitambulikane, na mbwa wake Argos ndiye anayemjua. Picha hii inagusa moyo, nami sishangai kwamba wengi huitafuta kwa ajili ya mbwa huyo peke yake. Lakini kwa nini Limetanus, kati ya visa vyote vya Ulysses, achague cha kutambuliwa? Ukoo wa Mamilii ulidai kushuka kwa Telegonus, mtoto ambaye Ulysses alimzaa na mchawi Circe, na hata Mercury anaingia humo, kwa kuwa katika masimulizi mengine ni babu mkuu wa Ulysses. Pande mbili za sarafu, zikisomwa pamoja na jina la mtoaji, ni shajara ya nasaba. Jina likifutika kwa kuchakaa, anabaki mzee na mbwa tu.

Dai la namna hii lingeweza pia kujibiwa. Mwaka 69 KK Julius Caesar alimzika shangazi yake na kutamka hadharani kwamba ukoo wao unatokana na Venus. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alilipiga chapa neno lile lile kwenye dinari: mbele Venus, nyuma mwanawe Aeneas anakimbia Troya inayoungua, amembeba baba yake Anchises begani. Mwaka 42 KK, Caesar akiwa ameshauawa, picha hiyo ya Aeneas ilirudi kwenye sarafu ya dhahabu yenye kichwa cha Octavian, mrithi wake. Karibu na wakati huo huo adui yao Sextus Pompeius, aliyeishika Sicilia, alitoa dinari yenye kichwa cha baba yake Pompeius mbele, na nyuma ndugu wawili wa Catania waliowabeba wazazi wao mabegani wakati volkano ya Etna ilipolipuka, na katikati yao Neptune, mungu wa bahari. Mimi nalisoma hilo kama jibu: hata sisi tunajua kuwabeba wazazi, na bahari ni yetu. Asiyeziweka sarafu hizi pamoja hawezi kuyasikia mabishano hayo.

Kuna watakaosema kwamba picha za miungu ni ibada tu, na siasa naiingiza mimi. Ibada ilikuwepo, sikatai. Ila Constantine, mfalme aliyeupendelea Ukristo, alitoa kuanzia mwaka 330 BK vijisarafu vya shaba vyenye mbwa mwitu na wale pacha, pamoja na maneno URBS ROMA, yaani Mji wa Roma. Hapo kisasili kinaitambulisha dola, na ibada imeshawekwa kando. Pingamizi zito zaidi ni la mwanahistoria A. H. M. Jones, aliyeandika mwaka 1956 kwamba picha za sarafu zilikuwa na uzito mdogo, kama za stempu za barua za siku hizi, na kwamba ni vigumu kujua nani alizitazama. Lakini katika Injili ya Mathayo, Yesu alipouliza sarafu ya kodi ina sura na maandishi ya nani, jibu lilitoka mara moja. Mwandishi wa Kirumi Suetonius naye ameandika kwamba Augustus, yule yule Octavian, alitoa sarafu ya fedha yenye alama ya nyota ya Mbuzi, nyota aliyozaliwa nayo. Watu walitazama, na wengine wakakumbuka.

Ikiwa sarafu ni ushahidi, basi ushahidi una masharti. Dinari iliyochakaa lakini jina linasomeka ni bora kuliko yenye Venus anayeng'aa kwa kuchongwa upya. Na mahali ilipofukuliwa ni sehemu ya maana yake, kwani hapo ndipo tunapojua dai lilifika wapi na kwa nani. Sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, ya ukumbusho wa mauaji hayo, iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mwaka 2023 mamlaka za New York ziliirudisha Ugiriki, kwa kuwa historia ya umiliki wake ilighushiwa. Mwenye fedha kidogo hana haja ya kuingia hatari hiyo: vijisarafu vya Constantine bado vinapatikana kwa bei nafuu, na orodha za kitaalamu za sarafu za Jamhuri na za Dola ya Kirumi zinasomeka bure kwenye intaneti, pamoja na picha. Anayeuza akishindwa kukuonyesha kwa maandishi sarafu imetoka wapi na imepitia kwa nani, mrudishie, hata kama mbwa wa Ulysses anakutazama usoni.