Injini Iliyonoki na Injini Iliyoganda

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, vespa ni chombo kilichozoeleka kwa miaka mingi. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kukiunda mwaka 1946, na wako wenye vespa za zamani wanaozifufua wenyewe uani kwao. Kazi hiyo ina msamiati wake. Hapa tunakusudia kueleza jambo moja: hali ya injini ambayo pistoni yake imeshindwa kwenda.

Kiingereza hutumia kwa hali hiyo kitenzi ambacho pia kina maana ya kukamata mali. Mfasiri ategemeaye kamusi peke yake aweza kuandika "injini iliyokamatwa", na msomaji akadhani imezuiliwa na polisi. Fundi husema injini "imenoki". Neno hilo limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako lina maana ya kugonga. Kwetu limepata maana ya injini kuharibika hata isiende tena.

Hata hivyo, hali zenyewe ni mbili. Injini za vespa za zamani ni za mapigo mawili, na oili yake huchanganywa na petroli. Oili ikipungua, pistoni ya alumini hupata moto, ikatanuka kuliko silinda ya chuma, ikaikwaruza na kushikamana nayo. Hali ya pili hutokea chombo kikiwekwa miaka bila ya kutumiwa: unyevu na hewa ya chumvi huingia ndani, na kutu ikazishika ringi ukutani mwa silinda.

Tofauti hii si ya maneno tu. Injini iliyoshikwa na kutu hutolewa plagi, ikamiminiwa mafuta mepesi, ikaachwa siku kadhaa, kisha ikazungushwa polepole. Anayekimbilia kupiga kiki kwa nguvu huenda akavunja ringi. Iliyonoki hufunguliwa, na silinda ikapimwa. Ikiwa imekwaruzika mno, huchongwa, ikatiwa pistoni kubwa zaidi pamoja na ringi zake. Mwongozo unaotumia neno moja kwa hali zote mbili waweza kumtia hasara asiye na fundi wa kumwuliza.

Twapendekeza basi "kunoki" itumike kwa injini iliyoharibiwa na joto au ukosefu wa oili, na "kuganda" kwa iliyoshikwa na kutu. Wako watakaosema kwamba kunoki ni neno la gereji. Lakini parafujo tuliipata kwa Wareno, karakana asili yake ni Kiajemi, na pikipiki ilizaliwa na mlio wa chombo chenyewe. Leo yote huandikwa ofisini bila ya haya. Tunawaomba wafasiri na walimu wa ufundi wayapime maneno haya mbele ya mafundi kabla ya kuyachapa.