Jiko la Kutia Katika Shanta

Mwalimu wa jiografia akitaka kuwatoa wanafunzi wake sita kutoka Chukwani, wateremke hadi Fumba, wavuke ghuba ya Menai kwa mashua, kisha waende kwa miguu mpaka Kizimkazi kuuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra (1107 Miladia), atakuwa na mambo mengi ya kupanga. Mahema yataazimwa. Mchele, sukari na majani ya chai vitanunuliwa. Lakini wali hauivi kwa jua, na maji ya visima vya njiani hayafai kunywewa kabla ya kuchemshwa. Hapana budi mmoja wao abebe moto mgongoni, na hapo ndipo swali la jiko linapozuka: jiko gani, la bei ambayo skuli yaweza kuimudu, linalokubali mafuta yatakayopatikana huko waendako?

Jibu la haraka ni kwamba jiko halihitajiki, kwani kuni ziko porini. Jibu hilo lilikuwa na nguvu zamani kuliko leo. Nusu ya mashariki na kusini ya Unguja ni uwanda wa mawe ya matumbawe, wenye udongo haba uliojikusanya katika mashimo ya miamba. Vichaka vyake hukua polepole, navyo ndivyo vilivyobeba kwa miaka mingi mzigo wa kuni za vijiji na za mji. Katika Jozani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa pamoja na ghuba ya Chwaka mwaka 2004, msafiri haruhusiwi kukata kijiti. Chumbe, kisiwa kinachoonekana waziwazi kutoka pwani ya Chukwani, nacho ni hifadhi, msitu wake na matumbawe yake. Aidha, wakati wa masika kuni huwa mbichi, na kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya joto lake kujikausha zenyewe kabla ya kumpikia mtu chochote.

Yafaa basi jambo hili litazamwe kwa hesabu, maana hesabu yake ni nyepesi na kidato chochote chaweza kuifanya. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Lita moja ya maji ya kisima yenye nyuzi 28 itahitaji 4.2 mara 72, yaani kilojuli 302 hivi, ili ifikie nyuzi 100. Hayo ni mahitaji ya maji peke yake. Moto hauyapi maji kila ulichonacho: sehemu hupaa na moshi, sehemu hubakia katika mafiga, na sehemu huchukuliwa na upepo. Mafiga matatu yaliyo wazi hutia katika sufuria kiasi cha asilimia 15 tu ya joto la kuni, na pengine chini ya hapo. Seredani ya kawaida yaweza kufikia robo ya joto la makaa. Jiko la mafuta lililokingwa vizuri hufikia nusu.

Kilo ya kuni zilizokauka kwa jua ina megajuli 16 hivi. Ya makaa 29. Ya spiriti (ile inayotokana na alkoholi ya kunywewa ikatiwa sumu ili isinyweke) 27. Ya mafuta ya taa 43. Na ya petroli 44. Kwa hiyo kuchemsha lita moja kwataka gramu 126 za kuni, au gramu 42 za makaa, au mililita 28 za spiriti, au mililita 18 za mafuta ya taa. Msafara wa watu saba kwa siku tatu, ukikadiriwa kuhitaji sawa na lita 36 za maji ya moto kwa chai, wali na maji ya kunywa, utabeba kuni kilo nne na nusu, au makaa kilo moja na nusu, au spiriti lita moja, au mafuta ya taa yasiyozidi theluthi mbili za lita. Mwenye shanta mabegani hahitaji kuambiwa zaidi. Petroli nayo hulingana karibu sawa na mafuta ya taa, na kwa upande wa joto hakuna sababu ya kuchagua moja na kuacha jingine. Sababu ziko kwingine, na mojawapo yaweza kumtoa mtu roho.

Kabla ya kufika huko, ni vyema ieleweke jinsi mafuta yanavyowaka. Kimiminika hakiwaki, kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kila mafuta yana joto la chini ambalo likifikiwa, mvuke wa kutosha huelea juu yake hata ukikaribiwa na kijinga hushika moto. Kwa mafuta ya taa joto hilo ni nyuzi 38 au zaidi. Kwa petroli ni kiasi cha nyuzi 40 chini ya sifuri. Mchana wa Chukwani una nyuzi 30 hivi. Kwa hiyo mafuta ya taa yaliyomwagika sakafuni, yakiwa hayakupashwa moto, ni uchafu wa kufutwa, na petroli iliyomwagika mahali hapohapo ni mvuke unaotambaa chini, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, ukitafuta moto. Tofauti hii haifai kuonyeshwa darasani kwa majaribio. Namba zinatosha.

Mafuta ya taa, kwa kuwa hayatoi mvuke kwa urahisi, yana njia mbili za kuwaka. Ya kwanza ni utambi, kama katika kibatari na katika majiko ya tambi nyingi yaliyoenea Afrika ya Mashariki. Jiko la tambi ni la bei ndogo, lakini ni jiko la nyumbani: hutiririsha mafuta likiinamishwa, hutia masizi katika sufuria, na upepo wa kusi ukivuma pwani ndimi zake hulala. Njia ya pili ni shinikizo. Msweden Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza mwaka 1892 jiko la shaba nyeupe lisilokuwa na utambi, likauzwa kwa jina la Primus. Mafuta husukumwa na hewa ya pampu kupitia mrija uliopita ndani ya moto wenyewe, huko yakageuka mvuke, mvuke ukafyatuka katika tundu jembamba, ukakokota hewa pamoja nao, ukawaka kwa mwali wa buluu usio na masizi. Roald Amundsen alikuwa na majiko ya aina hiyo alipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911.

Watu wa pwani hawahitaji kwenda mbali hivyo kulielewa. Wavuvi wa dagaa waliolea karabai usiku baharini walikuwa na kifaa hichohicho, isipokuwa karabai ilitoa nuru badala ya joto. Kikombe cha spiriti cha kupashia, pampu, sindano ya kuzibulia, mngurumo wa mvuke: yote yamo. Mzee aliyewahi kuwasha karabai katika mashua inayoyumba atawafundisha wanafunzi kuwasha jiko la pampu kwa dakika chache, na pengine atastaajabu kuona jambo hilo linahitaji makala.

Sasa kuhusu jiko linaloitwa la mafuta mengi. Jina hili hupotosha, kwani wengi hudhani ni jiko linalokula chochote. Ukweli ni kwamba kila mafuta hudai tundu la kipimo chake. Jiko moja la kampuni ya Primus, liitwalo Omnifuel, huja na vipande vitatu vya kubadilisha: chenye tundu la milimita 0.45 kwa gesi, 0.37 kwa petroli, na 0.28 kwa mafuta ya taa na dizeli. Mvuke wa mafuta mazito hubeba kaboni nyingi zaidi. Ukipita katika tundu pana, hewa inayokokotwa haitoshi, mwali huwa wa manjano, na masizi huanza. Ukweli wa pili ni umbo. Mwaka 1973 kampuni ya MSR ya Seattle, Marekani, iliuza jiko ambalo tangi lake halikukaa chini ya moto, bali chupa ya mafuta yenyewe ndiyo iliyokuwa tangi, ikiwa kando na kuunganishwa kwa mrija. Majiko mengi ya mafuta mengi yaliyofuata yana umbo hilo, nalo halikutungwa kwa ajili ya wepesi peke yake. Petroli ikiwa mbali na moto haipashwi, na upepo unaweza kukingwa kwa bati pande zote bila kuipika chupa.

Hapa ndipo penye hatari iliyotajwa. Jiko la shaba la mtindo wa Lindqvist lina tangi moja kwa moja chini ya mwali, na mengi yao hayana vali ya kupunguzia moto: moto hupunguzwa kwa kulegeza skrubu na kutoa hewa. Mafuta ya taa huvumilia joto la tangi hilo. Petroli haivumilii. Hugeuka mvuke ndani ya tangi, shinikizo hupanda lenyewe bila pampu, na atakayefungua skrubu kwa hofu atanyunyiza mvuke wa petroli juu ya moto ulio sentimita chache tu kutoka mkononi mwake. Kishawishi cha kutia petroli kipo leo kuliko zamani. Vijijini umeme na taa za jua vimepunguza vibatari, na mafuta ya taa hayapatikani tena kwa urahisi ule wa zamani, ilhali petroli ya vespa na ya mashine za boti huuzwa kwa chupa kando ya barabara. Bei nayo haikusaidia: Tanzania Bara, mwaka 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na dizeli kwa faida. Na mafuta yanayochanganywa na mwuzaji hayabadiliki rangi kila mara ili kumwonya mpishi. Mafuta ya taa yenye harufu ya petroli yasitiwe katika jiko la shaba wala la tambi, hata kama ndiyo pekee yaliyopo.

Kwa hiyo anayechagua na aanze na mafuta, si na jiko. Aulize katika duka la mwisho la njia yake kinachouzwa hapo, kisha atafute jiko la kukichoma. Kwa msafara wa Kizimkazi petroli itapatikana bila shaka, na jiko la chupa ya kando ndilo linalofaa kwa ukamilifu. Lakini bei yake ni kubwa kwa skuli, na vipuri vyake huagizwa. Jiko la shaba ni nafuu zaidi, na fundi wa mjini hutengeneza washa yake ya ngozi kwa mkasi. Kwa safari ya siku tatu mafuta yake yote hutoshea katika chupa moja ya lita inayojazwa mjini, na swali la duka la mwisho huondoka lenyewe. Kama akiba ya dharura, uzito wa gramu chache unatosha: kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu ya hewa chini na juu, likaingizwa ndani ya kopo kubwa zaidi, huchoma vifuu na makumbi ya nazi kwa mwali safi wa kushangaza, kwani hewa inayopanda kati ya kuta mbili hufika juu ikiwa moto na kuuchoma moshi. Vifuu havikatwi porini. Jiko la shaba na kopo hilo, vikiwa pamoja, ndilo jiko la mafuta mengi la bei ndogo kuliko yote.

Gesi ya mtungi imeenea sana Unguja, na msomaji atauliza kwa nini imeachwa. Mtungi wa kilo 6, pamoja na chuma chake, una uzito wa mara mbili ya gesi iliyomo au zaidi. Ni mzuri kwa mashua, si kwa mgongo. Vikopo vidogo vya gesi ni vyepesi, ila havijazwi tena kijijini, na haviruhusiwi ndani ya ndege. Huko juu Kilimanjaro viko na taabu nyingine: butani hukataa kugeuka mvuke baridi ikikaribia sifuri, ndiyo maana huchanganywa na propani.

Jiko lolote kati ya haya lisiwashwe ndani ya hema. Mwali unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala haamki kulalamika. Makaa ya seredani ni hatari zaidi hapo, kwa kuwa hayatoi moshi wa kumwonya mtu, na usiku wa mvua ndio unaowashawishi watu kuyaingiza ndani. Jiko lisijazwe mafuta likiwa la moto. Na liwashwe mara tatu skulini kabla ya safari, mwanafunzi mmoja mmoja, ili atakayelishika ufukweni wa Fumba asiwe anajifunza hapo.

Likirudi, lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kufutwa, kwani hewa ya bahari hula shaba katika maungio yake, tangi limiminwe, na ngozi ya pampu itiwe tone la mafuta, la sivyo hukauka, na safari ijayo pampu itapuliza hewa bila kusukuma kitu.