Muziki wa Usuli na Sauti ya Mahali katika Filamu za Mazingira: Hoja kutoka Mbulu na Hanang

Muziki wa usuli wa filamu ya makala kuhusu mazingira aghalabu hutungwa baada ya picha kuhaririwa. Mtunzi hulitazama bonde, kisha hulitafutia hali: vinanda vinavyovuma polepole, ngoma za mbali, pengine mluzi. Andiko hili linadai kwamba utaratibu huo una kasoro pale ambapo sauti ya mahali ni sehemu ya ikolojia yenyewe.

Mfano ulio wazi ni Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu. Wakitafuta asali, humwita mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye makazi ya nyuki, kwa mluzi wenye mahadhi. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha katika jarida la Science jaribio lililolinganisha mluzi wa Wahadzabe na mwito wa Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji, ambao ni mtetemo unaoishia kwa mguno. Nchini Tanzania, uwezekano wa ndege kuuitikia mluzi ulizidi mara tatu ule wa kuuitikia mwito wa Kiyao. Msumbiji mambo yaligeuka, kwa takriban mara mbili. Mluzi huo, basi, si pambo. Mtunzi anayebandika mluzi wowote juu ya picha za Yaeda anapotosha taarifa ambayo ndege mwenyewe angeitambua.

Kuna upotoshaji mwingine, nao ni mzito zaidi. Muziki wa upweke hulifanya bonde lionekane halina wenyewe. Ilhali mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi, ya zaidi ya hekta 20,000, na msingi wa haki hiyo ni matumizi yao ya kila siku: kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali. Shughuli hizi zote zina sauti. Zikifunikwa, hoja ya ardhi nayo hufifia.

Hanang inadai tahadhari ya namna nyingine. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji jirani, vikaua watu. Nyuzi za huzuni humwelekeza mtazamaji ahisi nini. Hazimwelezi maji yalipita wapi. Korongo lenye maji, likirekodiwa vema, humweleza.

Kwa hiyo inapendekezwa kuwa sauti za mahali zirekodiwe kabla ya utunzi, na mtunzi azikwepe masafa yake badala ya kuzifunika.