Gari Kuukuu Linapotetemeka Likiwa Limesimama: Uchunguzi wa Sailensi katika Nyanda za Juu za Kigoma

Injini ya petroli inayozunguka huku gari likiwa limesimama na dereva akiwa hajakanyaga mafuta, hali ambayo mafundi wengi wa Tanzania huiita sailensi, iko katika wakati wake mgumu kuliko abiria wengi wanavyodhani. Wakati huo throto, yaani kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta, huwa imefungwa karibu kabisa, injini ya silinda nne huzunguka mara 650 hadi 800 hivi kwa dakika, na hewa inayoingia ni kidogo kiasi kwamba kasoro ambayo isingehisika gari likiwa katika mwendo hujitokeza waziwazi. Ndiyo maana Corolla au Noah iliyotumika miaka mingi Japani kabla ya kuletwa Tanzania huweza kusafiri vizuri kutoka Kasulu kuelekea Kibondo, lakini ikisimama Makere kushusha abiria ikatetemeka, mngurumo wake ukapanda na kushuka, au ikazima kabisa.

Makere, kata ya Wilaya ya Kasulu inayofahamika nje ya Mkoa wa Kigoma kwa sababu ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, ina mambo mawili yanayomhusu fundi moja kwa moja. La kwanza ni vumbi jekundu la kiangazi, ambalo huziba filta na kuchafua throto. La pili, ambalo husahaulika, ni mwinuko. Katika mwinuko wa mita 1,200 hivi kanieneo ya hewa huwa pungufu kwa takribani asilimia 12 ikilinganishwa na pwani, na injini ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili kuunguza kilo moja ya petroli. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam haina njia ya kutambua kwamba hewa imepungua, kwa hiyo huendelea kutoa mafuta yaleyale, plagi zikashika masizi na sailensi ikawa nzito. Magari yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta hujirekebisha yenyewe, mradi sensa zake ni nzima.

Mwinuko huo pia hubadilisha maana ya vipimo. Injini nzima inapokuwa kwenye sailensi hufyonza hewa kwa nguvu, na geji inayochomekwa kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, husoma sentimita 43 hadi 53 za zebaki pwani, ilhali kwa kila mita 300 za kupanda usomaji hushuka kwa sentimita 2.5 hivi. Fundi wa nyanda za juu anayepata sentimita 38 anaweza kuihukumu injini kuwa imechoka, kumbe kwa mahali ilipo iko sawa kabisa.

Kosa linaloenea mno katika gereji, na ambalo linastahili kukemewa bila kuficha, ni kuanza na bisibisi. Gari likizima, skrubu ya sailensi huzungushwa mpaka injini ingurume juu zaidi, mwenye gari akalipa na kuondoka akiwa ameridhika, huku ugonjwa ukibaki palepale na matumizi ya mafuta yakiongezeka. Skrubu hiyo ni ya kuhitimisha kazi, na haipaswi kuguswa kabla chanzo hakijajulikana.

Uchunguzi wa busara huanza na hewa inayoingia pasipo ruhusa. Mipira midogo ya hewa iliyounganishwa na manifoldi hukauka na kupasuka kwa umri na joto, na gasketi ya manifoldi nayo huachia. Mpasuko mdogo huvuruga sailensi sana lakini hauathiri mwendo wa kasi, kwa kuwa injini inapovuta hewa nyingi ile ya wizi huwa sehemu ndogo tu. Kwa hiyo gari linalotetemeka likisimama na kutulia likiongezewa mafuta humwelekeza fundi kwenye mipira hiyo kwanza. Kunyunyizia maji kidogo kwenye maungio, mbali na nyaya za umeme, mara nyingi hutosha, kwani mngurumo ukibadilika ghafla mahali pameonekana. Kutumia petroli kwa kazi hiyo ni kualika moto. Baada ya hapo husafishwa throto na valvu ya sailensi, ile inayopitisha hewa kidogo pembeni wakati throto imefungwa, kwa sababu masizi hujikusanya humo.

Mtetemo wenye mapigo yanayorudiarudia huashiria kwamba silinda moja haichomi, au kama wasemavyo mafundi, gari lina misi. Hapa soketi za nozeli huchomolewa moja baada ya nyingine injini ikiwa inazunguka: silinda nzima ikizimwa mngurumo hushuka, na ile ambayo kuizima hakuleti tofauti ndiyo mgonjwa. Kama kila silinda ina koili yake, koili inayoshukiwa huhamishiwa kwa jirani ili ionekane kama ugonjwa umeifuata, na jaribio hilo halina gharama yoyote. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeusi yenye masizi makavu huonyesha mafuta yaliyozidi, na yenye oili humaanisha kwamba ringi au sili za valvu zimechakaa.

Themostati inahitaji kuzungumziwa kwa mkazo. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huing'oa kwa imani kwamba inachemsha injini, lakini kazi yake ni kuiacha injini ifikie joto lake la kazi, nyuzi 80 hadi 90 hivi za Selsiasi. Ikiondolewa, hasa katika asubuhi za baridi za Kasulu na Kibondo, kompyuta hudhani injini ingali baridi, ikaongeza mafuta na kuiweka sailensi juu muda wote.

Kukosa mashine ya kupima si kikwazo kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990. Katika kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, matundu ya TE1 na E1 huunganishwa kwa kipande cha waya, swichi ikawashwa bila kuwasha injini, na taa ya injini ikahesabiwa inavyopepesa. Mpepeso wa haraka usiokatika humaanisha hakuna kosa lililohifadhiwa, 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya throto, na 31 ni kipimo cha hewa.

Kwa Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ, sailensi inayopanda na kushuka hutokana mara nyingi na hewa iliyoingia kwenye mabomba ya mafuta, au filta iliyojaa maji na uchafu wa mafuta yaliyohifadhiwa kwenye madumu.

Mwenye gari anapofika gereji, basi, aombe mipira ya hewa ikaguliwe, silinda zijaribiwe moja moja na themostati irudishwe kama iling'olewa, kabla hajakubali kununua kifaa chochote kipya.