Kiwanja Kinapopanda Bei: Ardhi, Majumba na Ukuaji wa Jiji la Dodoma

Kila tunapofika kwenye mada ya ardhi katika madarasa yetu ya elimu ya siasa, wanafunzi huuliza swali lilelile. Ikiwa ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, kiwanja kinauzwaje? Na kama kinauzwa, kinachouzwa ni kitu gani hasa? Ni swali zuri, wala si la darasani peke yake. Katika makala hii tutalijibu kwa kutumia mfano wa Dodoma, kwa sababu katika jiji hilo bei ya ardhi imepanda mbele ya macho ya kizazi kimoja, na sababu zake zinaonekana wazi kwa yeyote anayetaka kuziona.

Tuanze na historia kwa ufupi. Oktoba 1973 TANU iliamua kwamba Makao Makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wananchi waliijua zaidi kwa herufi zake tatu, CDA. Mpango wa kwanza wa mji, uliotengenezwa na wataalamu kutoka Kanada, ulikamilika 1976. Kisha zikaja shida: bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na hali ngumu ya uchumi ya miaka ya themanini. Makao makuu ya Chama na vikao vya Bunge vikawa Dodoma, lakini wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mtu mwenye kiwanja Dodoma alikuwa na kiwanja tu. Alipanda mtama au aliacha majani yaote.

Mambo yalibadilika Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali nzima itahamia Dodoma. Waziri Mkuu alihamia Septemba ya mwaka huo. Mei 2017 CDA ilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa kwa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria inayoitambua Dodoma kuwa Makao Makuu ya nchi. Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilikuwa imehesabu watu 410,956 katika eneo la halmashauri hiyo. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179. Ni ongezeko la asilimia 86 kwa miaka kumi. Nchi nzima katika kipindi hicho ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na Dodoma ikakua karibu mara mbili ya kasi hiyo.

Sasa tumchukue mtu mmoja wa kufikirika. Mwaka 2014 alipata kiwanja Iyumbu kwa bei ndogo, akaweka mawe manne ya mipaka, akarudi zake Dar es Salaam. Hakuchimba msingi wala kupanda mti. Mwaka 2024 anarudi na kukuta kiwanja kilekile kinatafutwa na madalali kwa bei ambayo hakuiota. Thamani hiyo mpya imetoka wapi? Haikutoka katika jasho lake, maana hakutoka jasho. Imetoka katika uamuzi wa Serikali kuhama, katika barabara za lami zilizojengwa kwa kodi, katika nguzo za umeme na mabomba ya maji, katika Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa 2007, na katika majirani zake waliojinyima wakajenga. Umma umefanya kazi, naye amevuna.

Jambo hili si geni katika fikra zetu. Katika andiko lake la 1962 juu ya ujamaa, Mwalimu Nyerere alimweleza mtu ambaye angeweza kujitwalia ardhi ya mjini, akaenda zake mwezini, na aliporudi akawadai wenzake bei iliyopandishwa na kazi yao wenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1958, katika kijitabu cha Mali ya Taifa, alikwisha kupinga ardhi kufanywa bidhaa ya watu binafsi. Ndiyo maana mara baada ya Uhuru umilikaji wa moja kwa moja ulifutwa kwa sheria ya 1963, na mwananchi akabaki na haki ya kutumia ardhi kwa muda na kwa masharti. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni maendelezo: nyumba, kisima, mazao ya kudumu. Ardhi tupu, machoni pa sheria, haikuwa na bei.

Hapa kada hana budi kuwa mwangalifu, kwa sababu wengi bado wanafundisha kana kwamba sheria hiyo haijaguswa. Imeguswa. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ilikubali kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na marekebisho ya 2004 yakafungua zaidi mlango wa kuuza ardhi isiyoendelezwa. Umilikaji ulibaki wa umma, chini ya dhamana ya Rais; lakini ile bei ya ardhi tupu iliyokuwa imefungiwa nje ilirudi ndani. Jibu la swali la wanafunzi wetu, basi, ni hili: kinachouzwa ni haki ya kutumia, na ndani ya bei ya haki hiyo imefichwa kazi ya watu wengi wasiolipwa.

Yapo pia mabadiliko ya pili, nayo yanawahusu viongozi wenyewe. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967 yalimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti hayo ya uongozi. Hatusemi kwamba kila kiongozi mwenye nyumba ni mnyonyaji. Mtu anayejenga nyumba nzuri na kuipangisha kwa bei ya haki ametoa huduma. Tunasema tu kwamba diwani au ofisa mwenye viwanja vitano anapokaa kwenye kikao cha kuamua barabara ipite wapi, anakaa na kofia mbili, na wajumbe wenzake wana haki ya kulijua hilo kabla ya kura.

Ukuaji wenyewe una misingi gani?

Madalali husema Dodoma itapanda daima. Hilo ni tangazo la biashara. Tuutazame uchumi wenyewe.

Msingi wa kwanza ni mshahara wa Serikali. Watumishi wamekuja, na nyuma yao wamekuja mama lishe, mafundi, bodaboda, wenye fremu za maduka na wenye nyumba za wageni. Ni msingi wa kweli, lakini una kikomo. Wizara huhama mara moja tu. Wimbi la watu waliofika kati ya 2016 na 2022 haliwezi kurudiwa kila muongo, na anayekadiria bei ya kesho kwa kasi ya jana anajidanganya. Tena reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, imefanya safari ya Dar es Salaam kuwa ya chini ya saa nne. Wengi wanasema reli itapandisha bei za nyumba. Huenda. Lakini pia inamwezesha mtumishi kuiacha familia yake Dar es Salaam, akapanga chumba kimoja Dodoma, na kupanda treni Ijumaa jioni.

Msingi wa pili ni uzalishaji, na hapa ndipo tunapoona upungufu. Dodoma ni nchi ya zabibu, mzabibu unaozaa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi za baridi haziliwezi. Ni nchi ya alizeti na mifugo. Mashinga ya zabibu ya Mpunguzi na Hombolo yamo ndani ya mipaka ya jiji lenyewe. Shamba la zabibu likikatwa viwanja, mkulima hupata fedha mara moja na jiji hupoteza mali ghafi ya kiwanda kwa muda wote ujao. Fedha inayokwenda kwenye kiwanda cha kusindika huajiri watu. Fedha inayokwenda kwenye kiwanja kinachosubiri bei haimwajiri hata mlinzi. Zote mbili katika hesabu za benki huitwa uwekezaji, na kada asikubali jina moja limfichie vitu viwili.

Msingi wa tatu ni maji, na hatuwezi kuupita haraka. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jiji limetegemea kwa miaka mingi visima virefu vya bonde la Makutupora. Bwawa la Farkwa wilayani Chemba limezungumzwa muda mrefu. Barabara ya mzunguko ya kilometa 112 na uwanja wa ndege wa Msalato huonekana kwa macho, hivyo hupandisha bei kwa haraka. Bomba lisilo na maji halionekani mpaka siku mtu anapohamia. Mwenye kutaka kujua mtaa upi utakua aache kuuliza barabara inapita wapi, aulize maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Nani hulipa gharama?

Jiji linapopanuka linamkuta mtu. Mtumba, Ihumwa, Nala, Mkonze na Nzuguni havikuwa pori tupu. Vilikuwa vijiji na mashamba ya Wagogo. Sheria inadai fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati, tena kwa bei ya soko pamoja na posho ya usumbufu na gharama za kuhama. Ugumu uko kwenye neno soko. Tathmini hufanywa kabla barabara haijafika. Bei hupanda baada ya kufika. Mkulima hulipwa kwa bei ya shamba, na mnunuzi wa pili huuza kwa bei ya jiji. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo kiini cha mada yetu nzima. Utaratibu wa upimaji shirikishi, ambapo mwenye shamba hubaki na sehemu ya viwanja vilivyopimwa badala ya kupewa fedha tu, ni bora kuliko fidia ya mkupuo, kwa sababu humwachia naye sehemu ya thamani inayokuja. Ila unamfaa yule anayejua asiuze vyote katika mwezi wa kwanza wa njaa.

Mtu wa pili ni mpangaji. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa 2005. Mwalimu mpya, askari na karani huombwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kabla hata mshahara wa kwanza haujaingia. Shirika la Nyumba la Taifa limejenga Iyumbu, na Wakala wa Majengo Nzuguni, nayo ni kazi ya kusifiwa. Lakini tukumbuke kwamba kuanzia 2002 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi, na sasa inajenga upya kwa bei ya leo.

Na kodi? Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Mwaka 2023 kiwango kiliwekwa shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, na 90,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Ni njia rahisi ya kukusanya, na imewafikia wengi waliokuwa hawalipi. Lakini nyumba ya kifahari isiyo na ghorofa hulipa sawa na nyumba ndogo ya vyumba vitatu Chang'ombe, na mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji, si mwenye nyumba. Kiwanja kitupu kisicho na mita hakiguswi kabisa na kodi hii. Yule mtu wa Iyumbu, kwa hiyo, huachwa na kodi ya pango la ardhi peke yake, ambayo hutozwa kwa ukubwa na matumizi ya kiwanja, haifuati bei ya madalali.

Silaha nyingine ipo ndani ya hati yenyewe. Hati ya kumiliki ardhi ina masharti ya uendelezaji, na muda wa kawaida wa kujenga ni miezi 36. Asiyeyatimiza anaweza kupewa notisi, na mwisho wake ni Rais kubatilisha haki hiyo. Hatua hii ni nzito, na haifai kuanzwa kwa mjane anayejenga tofali moja moja. Mapagala mengi ya Dodoma ni akiba ya watu wa kipato kidogo, si ulanguzi. Inawahusu wenye viwanja vingi na majani marefu. Ofisi ya ardhi ya jiji ina tarehe za hati. Mwenyekiti wa mtaa anajua ni kiwanja gani kina pagala na kipi hakijaguswa tangu kipimwe. Katika kazi ya vitendo ya muhula ujao tutawaomba wanafunzi wetu waziweke taarifa hizo mbili juu ya meza moja, mtaa kwa mtaa, tukianza na Iyumbu na Nzuguni.