Fisi wa Mezani na Fisi wa Porini

Yapata saa nne za usiku, katika kijiji cha Mlali wilayani Kongwa, sauti ya fisi ilisikika kutoka upande wa korongo. Ilianza chini, ikapanda, ikakatika, kisha ikarudiwa. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi, ambaye tulikuwa tumeketi naye mkekani tukicheza ludo, aliizuia dadu kiganjani akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mjomba, huyo amepandwa na nani?"

Swali lile halikuwa la mzaha. Wenzake shuleni walikwisha kumwambia kwamba fisi aliaye usiku hakosi mwenyewe, na kwamba mwenyewe wa fisi huyu ni bibi kizee aishiye peke yake, nyumba ya tatu kutoka kwa dada yangu. Imani hiyo haikubuniwa na watoto. Miongoni mwa Wagogo na Wakaguru, wenyeji wa sehemu hizi, fisi amesimuliwa tangu zamani kuwa mnyama wa wachawi, anayetumwa na hata kupandwa usiku kama punda.

Ndugu msomaji wa mjini huenda akacheka. Lakini asicheke upesi, kwani katika baadhi ya sehemu za nchi yetu wazee, na hasa wanawake wajane, wamekwisha kupoteza maisha yao kwa tuhuma zilizoanza kwa mnong'ono kama huo. Nilitambua kwamba mtoto yule hakuhitaji kukemewa. Alihitaji mahali pa kuiweka hofu yake, aitazame kwa macho yake mwenyewe. Mahali hapo tulipapata siku ya pili, juu ya meza, kwa njia ya mchezo.

MCHEZO WENYEWE

Mwaka 1974, nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hauna mshindi mmoja kama bao au karata. Mtu mmoja huwa msimulizi: ndiye aelezaye pango, mto au msitu, na hatari zilizomo. Kila mmoja wa wengine huwa na mhusika wake, na husema mhusika huyo anataka kufanya nini. Penye shaka, dadu hurushwa ili iamue kama amefaulu au ameshindwa. Kwa maneno mengine, ni hadithi ya jioni ambayo wasikilizaji wameruhusiwa kuingia ndani yake.

Hadithi ya namna hiyo haiwezi kwenda bila viumbe wa kutisha. Mwaka 1977 kilitoka kitabu kizima cha viumbe hao, Monster Manual, na wengi wao asili yao ni wanyama halisi. Yumo dubu aliyeunganishwa na bundi. Wazo lake lilitokana na mwanasesere wa plastiki wa bei rahisi aliyetengenezwa Hong Kong. Wamo pia viumbe wenye mwili wa mtu na kichwa cha fisi, ambao huishi kwa kuteka na kupora. Kwa hiyo fisi hakubebeshwa ubaya huku kwetu tu.

NUNDA ALITANGULIA

Hata hivyo, ufundi wa kumgeuza mnyama kuwa kiumbe si mgeni kwetu. Miongoni mwa hadithi zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, na kuchapwa London mwaka 1870, imo ile ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka huyo aliachwa bila kuadhibiwa. Akala kuku, akala mifugo, akala watu, hatimaye akawa Nunda. Mwana mdogo wa Sultani akaenda kumwinda, na kila mara alirudi na mnyama asiyekuwa yeye: mara ngawa, mara punda milia, mara twiga, mara kifaru, mara tembo, na kila mara mama yake alimwambia kwamba bado hajampata.

Mzee aliyeitunga hadithi hiyo aliijua siri ya kazi. Hakubuni kitu kutoka hewani. Alichukua sifa moja ya kweli ya paka, yaani ulafi unaoanza kwa kifaranga kimoja, akaikuza mpaka ikatisha. Kisha akamlazimisha msikilizaji awajue wanyama wengine wote, ili asije akamdhania twiga kuwa Nunda.

KADI YENYE PANDE MBILI

Tuliifuata njia hiyo. Nilikata jalada la daftari tukapata kadi. Upande wa mbele wa kila kadi tuliandika kiumbe wa mezani: nguvu zake, kinga yake, na udhaifu wake. Upande wa nyuma tuliandika mnyama wa porini kama alivyo. Sheria ilikuwa moja: hakuna ruhusa ya kumtumia kiumbe wa mbele kabla ya kusoma kwa sauti habari za mnyama wa nyuma.

Wa kwanza alikuwa nungunungu. Mezani, mpwa wangu alimpa uwezo wa kurusha miiba yake kama mishale, hatua kumi mbele. Nyuma ya kadi tuliandika ukweli: nungunungu harushi miiba. Huisimamisha, huitikisa ile ya mkiani ikalia ili kuonya, na adui asiposikia humwendea kinyumenyume. Miiba hung'oka na kubaki mwilini mwa adui.

Wa pili alikuwa kakakuona. Mezani alipewa ngao isiyotoboka, pamoja na kazi ya ubashiri, kwa sababu katika sehemu mbalimbali za Tanzania watu wamezoea kumwekea vitu kama maji na nafaka, wakitazama ataelekea wapi ili waujue mwaka utakavyokuwa. Nyuma tuliandika kwamba magamba yake yametengenezwa kwa kitu kile kile kilichotengeneza kucha zetu, kwamba hana hata jino moja, na kwamba chakula chake ni mchwa na sisimizi. Akishikwa na hofu hujiviringa. Simba huweza kushindwa kumfungua. Jangili humwokota tu kama mpira na kumtia katika gunia. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zake zote nane.

Ndipo tukafika kwa fisi. Upande wa mbele mtoto aliandika upesi, kana kwamba maneno yalikuwa yakimngoja: anapandwa usiku; akicheka, asikiaye hupoteza zamu; anatafuna hata chuma. Upande wa nyuma ulituchukua jioni nzima.

Tuliandika kwamba fisi madoa huishi kwa koo, na anayetawala ukoo ni jike, ambaye kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume. Kwa kuwa dume na jike ni vigumu kuwatofautisha kwa macho, watu wa kale walidhani kwamba fisi mmoja ni vyote viwili, na labda uchawi wake ulianzia hapo. Tuliandika kwamba meno yake husaga mifupa, na ndiyo sababu kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Tuliandika habari za Hans Kruuk, mtaalamu aliyewafuata fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 alionyesha kwamba fisi huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba huko Ngorongoro mara nyingi simba ndiye anayempokonya fisi.

Mwisho tuliandika juu ya sauti. Mlio ule unaopanda ni wito: kila fisi ana wake, wenzake humtambua kwa huo, na huweza kusikika umbali wa kilometa kadhaa. Aliaye korongoni hatishi mtu. Anawaambia jamaa zake mahali alipo.

Mpwa wangu aliigeuza kadi mara mbili. "Mjomba, huku nyuma hakuna mpandaji."

"Hakuna," nilimjibu. "Mpandaji tumemweka mbele sisi wenyewe."

ALIYEJUA ZAIDI

Siku ya tatu mchezo ulikwama. Tulimhitaji sungura, na hakuna mmoja wetu aliyezijua vyema hila zake. Nilichokijua mimi ni kwamba katika hadithi za Wakaguru fisi huwa mjomba na sungura huwa mpwa wake. Jambo ambalo lilimfurahisha sana mpwa wangu, maana katika hadithi hizo mjomba ndiye anayepunjwa. Dada yangu, aliyekuwa akipepeta mtama, alisema bila kuinua kichwa kwamba hapo jirani anayezijua hadithi hizo ni mmoja tu. Akalitaja jina la bibi yule.

Mtoto alinyamaza kwa muda. Kisha alivaa kandambili zake akaenda. Tulimsikia akibisha hodi kwa adabu: "Shikamoo, Bibi." Walirudi pamoja, Bibi akijikongoja kwa fimbo yake, naye amembebea kigoda.

Ndugu mzazi, mchezo huu haugharimu zaidi ya jalada la daftari na dadu moja. Waacheni watoto wabuni viumbe wa kutisha kadiri wapendavyo, maana hofu iliyopewa jina na udhaifu hupungua. Lakini msiwaachie upande wa nyuma wa kadi ukae mtupu, kwani pasipoandikwa habari za mnyama, ipo siku patajazwa jina la jirani.

Usiku ule fisi alilia tena. Bibi alikuwa katikati ya hadithi. Alikatiza, akasikiliza, akasema kwamba huyo yuko mbali, ng'ambo ya korongo; kisha akaendelea pale alipoishia.