Toleo Ambalo Bado Halipo

Muuguzi mmoja, mkazi wa Mabatini hapa Mwanza, ameniletea swali zito: "Mnasema mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ni huria, mtu yeyote duniani anaweza kupendekeza badiliko. Sasa nani anahakikisha kijana nisiyemjua haharibu dozi ya mgonjwa wangu?"

Mfano ulio karibu nasi ni OpenMRS. Ulianza kutengenezwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ukaanza kazi Eldoret, Kenya, chini ya mpango wa AMPATH unaokiunganisha Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana cha Marekani. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Maana ya programu huria sitaieleza. Aliyeuliza ameshaipita hatua hiyo.

Jibu la haraka ni kwamba wazoefu wa mradi hukagua kila badiliko kabla ya kulikubali. Ni kweli, lakini mkaguzi husoma badiliko moja kwa wakati mmoja, na mimi naogopa zaidi mabadiliko mawili yaliyo sahihi yanapokutana.

Tuseme mtaalamu wa Kampala anarekebisha sehemu ya uzito. Zamani mtoto asiyepimwa aliandikiwa sifuri. Sasa nafasi yake inaachwa wazi, na hilo ni jambo jema, kwani hakuna mtoto mwenye kilo sifuri. Wiki hiyohiyo mwenzake wa Nairobi anaandika kikokotoo cha dozi: kikikuta sifuri kinagoma na kumtaka muuguzi apime kwanza. Kila mmoja kafanya vizuri. Wamegusa mafaili tofauti, hivyo Git, programu inayotunza historia ya mradi, inaziunganisha kazi zao bila kulalamika. Kuanzia hapo kikokotoo kinalinda mlango ambao hakuna atakayeupitia tena, kwa sababu sifuri haiji, inakuja nafasi tupu. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter kwa kosa la ukoo huu: programu ya upande mmoja ilitoa vipimo vya Kiingereza, ya upande wa pili ikavipokea kana kwamba ni vya metriki.

Dawa yake ni uunganishaji wa kila mara, kwa Kiingereza "continuous integration". Neno "endelevu" nimelikwepa kwa makusudi, maana linawapeleka wasomaji kwenye misitu na uvuvi, wakati hapa tunasema juu ya kitendo kinachorudiwa bila kuchoka, hata mara kadhaa kwa siku.

Utaratibu wenyewe unanifurahisha kila ninapoufikiria. Mtu akituma ombi la badiliko kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya aina hii, mashine hailijaribu badiliko lake peke yake. Inachukua mradi mzima ulivyo wakati huo, inaunganisha badiliko hilo kwa majaribio, kisha inaupima muungano. Kinachopimwa ni toleo ambalo bado halipo, mfumo kama utakavyokuwa iwapo ombi litakubaliwa. Zaidi ya hapo, kipimo kinafanyika ndani ya kompyuta ya muda iliyowashwa upya kwa kazi hiyo: inawekewa lugha ya programu ya Java, inaujenga mfumo kuanzia msimbo wa kwanza, inaendesha majaribio yote, yaani programu ndogo zinazokagua kama mfumo unajibu inavyotakiwa, halafu inafutwa.

Fikiria mafundi mitumbwi kwenye mwalo wa Igombe, mmoja akijenga ubavu wa kushoto, mwingine wa kulia. Kwa kawaida chombo hushushwa majini kikiisha, na hapo ndipo mnajua mbao zilikutana vipi. Sasa wape uwezo huu: kabla ubao haujapigiliwa, unatokea mtumbwi pacha, wenye ubao huo tayari. Pacha anashushwa ziwani, anapakiwa magunia ya dagaa, anapigwa na mawimbi. Akivuja, fundi anaonyeshwa tundu, na mtumbwi wa kweli haujaguswa. Kisha pacha anatoweka pamoja na ziwa lake, na ubao unaofuata unachimbiwa ziwa jingine, safi, lisilo na tope la jana. Tope hilo ndilo linalowapotosha watu wanaposema, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Kwao inafanya kazi kwa sababu kuna faili la zamani limebaki kwenye kompyuta yao.

Na majaribio yanarithishwa. Kosa likigunduliwa wodini, mradi makini hauishii kulirekebisha. Huandika jaribio linalolirudia kosa lilelile: mtoto huyu hajapimwa, mfumo lazima ugome. Aliyeliandika anaweza kuhama, jaribio linabaki kazini, na mtaalamu wa Kampala atalikuta linamwashia taa nyekundu hata kama hajui kwa nini liliandikwa. Bila shaka, jaribio ambalo halikuandikwa halikamati kitu, na kituo kinachotumia toleo la zamani kinabaki na makosa ya zamani.

Kwa hiyo, dada muuguzi, kijana usiyemjua anachungwa na majaribio yaliyotokana na watu kama wewe. Kwa miradi iliyo wazi kwa umma, GitHub haitozi gharama ya mashine zake za kawaida za majaribio, hivyo kijana wa Mabatini mwenye kompyuta chakavu anapimiwa kazi yake kwa mashine zilezile anazopimiwa wa Indiana. Anayetaka kuanza aanze kwa kukaa na wewe, akuulize ni lini mfumo ulipaswa kugoma ukanyamaza, kisha aliandike hilo kuwa jaribio lake la kwanza.